Pilipili mbichi haina subira, itie kwenye chupa ndipo upange bei

KIJANA mwenzangu wa Nyamarambe, kabla hujaendelea kusoma hebu nikuulize swali moja. Kati ya vitu vyote vinavyotoka kwenye shamba la kwenu, ni kipi ambacho mama au baba amewahi kukipangia bei mwenyewe na mnunuzi akakubali?

Ndizi? Broka anafika na lori, anautazama mkungu, anataja bei yake na kuanza kupakia. Miwa? Bei inatoka kiwandani, na ukishaikata haiwezi kukaa kwa sababu utamu wake unapungua kila siku inayopita. Nyanya? Zikishaiva una siku chache tu kabla hujaanza kuwagawia majirani bure. Avokado nazo ni hadithi ile ile.

Wazee wetu si wajinga wa hesabu. Wanajua fika kwamba mkungu unaonunuliwa hapa kijijini utauzwa Nairobi kwa pesa nyingi zaidi. Shida ni kwamba wanauza kitu kinachooza, na broka anajua kinaoza. Yeye ana muda, wao hawana. Katika soko lolote lile, anayeweza kusubiri ndiye anayepanga bei.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie pilipili. Sisemi pilipili ya kujaza gunia na kumngojea broka mwingine. Nasema pilipili unayoipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, unaivuna mwenyewe, unaitia siki na chumvi kwenye chupa ya kioo, halafu inakaa kabatini kwa miezi bila kuoza. Msimamo wangu ni huu: kijana wa Gucha Kusini mwenye kona ndogo ya shamba asiuze pilipili yake ikiwa mbichi. Aiuze ikiwa achari.

Najua kuna atakayecheka. Ati achari ni mambo ya watu wa pwani na biriani yao. Lakini kwanza tuangalie shamba lenyewe.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 katika Kaunti ya Kisii. Hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 82. Huhitaji mtaalamu akufafanulie takwimu hizo, unaziona kila siku ukitoka nje. Shamba la babu liligawanywa kwa wanawe, na la baba litagawanywa tena. Wengi wetu tutarithi kipande ambacho ukisimama mwisho mmoja unaweza kumsalimia jirani wa upande wa pili bila kupaza sauti. Ndugu wa tumbo moja wanakosana kwa ajili ya mpaka wa hatua mbili. Kwenye kipande kama hicho, mahindi yatakulisha miezi michache lakini hayatakulipia karo wala kodi ya nyumba.

Pilipili haidai ekari. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 50 kati ya mche na mche, kona ya mita 5 kwa 4 inabeba miche kama 50. Ukipata mita 10 kwa 10, unaingiza zaidi ya miche 250. Na mche wa pilipili hauvunwi mara moja ukaisha kama mahindi. Unachuma leo, unatoa maua mengine, unachuma tena, na ukiutunza unaendelea hivyo kwa miezi.

Kuhusu aina, chagua kulingana na unachotaka kutengeneza. Kuna pilipili kichaa, ile ndogo iliyochongoka ambayo wakati mwingine huota yenyewe kwenye ua. Anayeipanda hapo ni ndege. Ndege hasikii ukali wa pilipili kama sisi, kwa hivyo humeza tunda na kuangusha mbegu mbele ya safari. (Kuku wa mama naye ni ndege. Usidhani pilipili itajilinda yenyewe, weka ua.) Kuna pilipili mbuzi, ile yenye mikunjo na harufu nzuri. Halafu kuna ile ndefu nyembamba inayoiva ikawa nyekundu. Pilipili mbuzi na ile ndefu ni rahisi kukata vipande. Pilipili kichaa hutiwa nzima, ila itoboe kwa ncha ya kisu ili siki iingie ndani.

Mbegu zikae kwenye kitalu wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhamishwa. Baada ya hapo, hesabu kama miezi mitatu uanze kuchuma. Adui mkubwa huku kwetu si jua, ni mvua. Kisii hunyesha karibu mwaka mzima, na pilipili haipendi mizizi yake ikae kwenye maji. Inua matuta, chimba mtaro wa kuondoa maji, na usibananishe miche ili upepo upite.

Jambo la pili: usipande pilipili mahali palipotoka nyanya, viazi au rinagu. Ndiyo, rinagu hii hii tunayoila na obokima ni ya ukoo mmoja na pilipili, na ugonjwa wa mnyauko unaojificha kwenye udongo unaweza kuzishambulia zote. Tanguliza maharagwe, mahindi au chinsaga. Ukiona majani yanajikunja, usikimbilie kunyunyiza dawa yoyote unayouziwa. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) lina kituo hapo Kisii, na kuuliza si ujinga.

Hapo pengine utaniambia umesikia kuna pesa nzuri kwa kuuza pilipili mbichi ng'ambo. Ni kweli Kenya huuza. Lakini tangu 2018, Umoja wa Ulaya umeweka masharti makali kwa pilipili mbichi kutoka Afrika kwa sababu ya nondo mmoja ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya tunda. Kiwavi mmoja akipatikana, mzigo unaweza kukataliwa wote. Mkulima mkubwa mwenye nyumba za neti na wakaguzi wake anaweza kuibeba hatari hiyo. Wewe wa miche 50 huiwezi. Tusianzie huko.

Tuanzie jikoni. Achari ya pilipili si uchawi. Chuma pilipili ngumu, zilizoiva, zisizo na doa. Zioshe, kata vikonyo, kisha zikate au zitoboe. Kwa kila vikombe vitatu vya siki tia kikombe kimoja cha maji, chumvi kidogo na sukari kidogo, uchemshe. Soma lebo ya siki kabla ya kununua: iwe na asidi ya asilimia 5, si chini ya hapo. Panga pilipili kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, mimina siki ikiwa moto mpaka zifunikwe kabisa, uache nafasi ndogo juu. Futa mdomo wa chupa, funga kifuniko, halafu uzichemshe chupa zenyewe ndani ya maji. Wanaokaa tambarare huchemsha dakika 10. Sisi tuko nyanda za juu, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hivyo chemsha dakika 15. Ziache wiki kadhaa ladha iingie.

Kuna vitu vitatu ambavyo watu huvipuuza. Kwanza, usichemshe siki kwenye sufuria zetu za kawaida za alumini. Siki hula alumini na kuharibu ladha. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Pili, vaa glavu. Ukali wa pilipili umekaa zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, na mkono uliougusa ukipangusa jicho utajuta mchana kutwa. Mtoto mchanga asikaribie. Tatu, usitumie chupa iliyowahi kubeba dawa ya shamba, hata ukiiosha mara kumi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo likipuuzwa mtu anaweza kufa. Vijana wengi mitandaoni wanatengeneza pilipili ya mafuta: wanasaga pilipili na kitunguu saumu, wanamwagia mafuta, wanafunga na kuuza. Inavutia kwa picha, na ni tamu kweli. Lakini mafuta si siki. Mafuta hufungia hewa nje, na kitunguu saumu kikikaa humo bila asidi na bila friji, bakteria wanaoleta sumu ya botulizimu wanaweza kukua. Sumu hiyo unaweza usiisikie kwa pua wala kuiona kwa macho, na hupoozesha mwili. Kinachowazuia bakteria hao ni asidi. Chakula cha chupa kinatakiwa kiwe na kipimo cha asidi, yaani pH, kilicho chini ya 4.6, na mtengenezaji makini hushuka hata chini ya 4. Kwa hivyo kabla hujamuuzia mtu chupa hata moja, pima. Usikisie kwa ulimi.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalotenganisha biashara na mchezo. Chupa yako moja ikimlaza jirani hospitalini, Nyamarambe nzima itajua kabla jua halijatua, na hakuna atakayenunua achari tena, iwe yako au ya mwenzako.

Sasa nisikie malalamiko yako. La kwanza nalijua: "Tumeshadanganywa sana." Ni kweli. Mnakumbuka kware? Mwaka wa 2013 na 2014 Kenya nzima iliambiwa kware ni dhahabu. Watu waliuza mbuzi wakanunua kware, na ghafla kila mtu akawa na mayai ya kware na hakuna wa kuyala. Waliotajirika ni wale wa kwanza, waliokuwa wakiwauzia wengine ndege wa kuanzia.

Funzo la kware halisemi tusijaribu kitu. Linasema usinunue ndoto kwa mkopo. Ndiyo maana sikuambii ung'oe ndizi za mama wala uache kuendesha boda. Nakuambia miche 50. Ikifeli, umepoteza kona ya shamba na siki kidogo. Ikifaulu, una chupa kabatini na umejua kazi. Na yeyote atakayekuja Nyamarambe kukuuzia "mbegu maalumu" pamoja na ahadi ya kuyanunua mavuno yote, mwangalie kwa macho ya waliofuga kware.

Lalamiko la pili: "Soko liko wapi? Sisi Abagusii si watu wa pilipili." Hilo la pili silikubali sana. Tembea sokoni jioni uhesabu wanaouza smoki, mayai, mutura, chipsi na nyama choma. Nitajie mmoja asiye na chupa ya pilipili mezani. Mara nyingi ni pilipili iliyotoka kiwandani mjini, au ni maji mekundu ambayo mwenye kibanda aliyachanganya asubuhi na yatamwagwa jioni yakichacha. Huyo ndiye mteja wako wa kwanza. Si supamaketi ya Nairobi. Ni mwenye kibanda unayemjua kwa jina, anayenunua pilipili kila wiki na angependa isiyochacha.

Ukitaka kujua mbali ambako kitu hiki kidogo kinaweza kufika, tazama nje. Sosi ya Tabasco ilianza mwaka wa 1868 kwenye kisiwa cha Avery, jimbo la Louisiana, Marekani. Ni pilipili, chumvi na siki tu, na ukoo ule ule ungali unaimiliki. Karibu na kwetu, huko Johannesburg, mkahawa wa Nando's ulianza 1987 kwa kuuza kuku wa pilipili kichaa, na leo uko katika nchi nyingi. Unajua pilipili hiyo wanaiitaje? Piripiri. Neno hilo ni ndugu wa pilipili yetu. Mimea yenyewe ilitoka bara la Amerika ikaletwa na meli za Wareno, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema ni ya babu yake. Aliyeifunga kwenye chupa na kuandika jina ndiye aliyeimiliki.

Na hapo kwenye jina, huhitaji kwenda Marekani kupata funzo. Nenda Tabaka, mwendo mfupi tu kutoka hapa, katika Mugirango Kusini hii hii. Jiwe la Kisii linajulikana duniani. Vinyago vinapambwa kwenye maduka ya watalii Nairobi na nyumba za watu ng'ambo. Wachongaji wa Tabaka walifanya kile tunachohubiriwa kila siku: hawakuuza jiwe tupu, walilichonga kwanza. Lakini kwa miaka mingi wamelalamika kwamba faida inabaki kwa watu wa katikati. Kwa nini? Kwa sababu kinyago kikifika dukani hakina jina la aliyekichonga, na aliyekichonga hamjui anayekinunua.

Kwa hivyo kusindika peke yake hakutoshi. Ukijaza pilipili kwenye mitungi na kumuuzia broka asiyejulikana aende akabandike lebo yake, umebadilisha broka wa ndizi kwa broka wa achari. Andika jina lako kwenye chupa. Andika Nyamarambe. Andika tarehe uliyotengeneza, vitu ulivyotia na nambari ya simu. Mteja akipenda, ajue wa kumpigia. Asipopenda, ajue pia.

Lalamiko la tatu ndilo zito zaidi: "Sheria." Kuuza chakula cha chupa Kenya kunahitaji leseni ya biashara ya kaunti, vyeti vya afya, na alama ya ubora ya KEBS. Wengi wakisikia KEBS wanakunja jamvi. Mimi siungi mkono kukwepa. Alama ile ipo ili asife mtu, na nimeshaeleza jinsi mtu anavyoweza kufa. Lakini pia sikubali kwamba kijana mmoja mwenye miche 50 anaweza kujenga peke yake jiko la matofali laini, kununua kipimo cha asidi na kulipia maabara, kisha abaki na faida.

Hapa ndipo naigeukia serikali ya kaunti. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliipa kaunti kilimo. Iliipa pia vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kufundishia kazi za nyumbani. Kwa hivyo hakuna ofisi inayoweza kutuambia kwamba jambo hili si lake. Ninachotaka si kiwanda cha mabilioni chenye jiwe la msingi na hema za sherehe. Nataka chumba kimoja katika chuo cha ufundi: sakafu inayooshwa, maji safi, meko mawili, sufuria za chuma kisichoshika kutu, kipimo cha pH, na mtu mmoja aliyesomea usindikaji wa vyakula. Kisii ina chuo kikuu, na kila mwaka vijana waliosomea mambo ya kilimo na chakula wanahitimu na kukaa nyumbani. Mpeni mmoja kazi.

Vijana 20 wakitumia jiko hilo kwa zamu, kila mmoja na siku yake, kibali kinatafutwa kwa jiko moja lililokaguliwa badala ya majiko 20 ya moshi. Wakijisajili kama kikundi, wanagawana gharama za kibali na kununua chupa kwa jumla. Chupa, nikwambie, zitakusumbua kuliko pilipili. Hazipandwi nyuma ya nyumba, na ukinunua chachechache utalipa sana. Hilo pekee ni sababu tosha ya kuungana.

Mwakilishi wetu wa wadi akija kuomba kura, msimwombe fulana. Mwulizeni jiko liko wapi.

Na wewe mzazi unayesoma hapa kwa simu ya mwanao, nina ombi kwako pia. Vijana wengi hawana shamba hadi wazazi wafariki. Mwaka mzima unamkaripia mvulana kwamba anashinda kituoni akipiga gumzo, na msichana kwamba anashinda kwenye simu, lakini hujawahi kuwaonyesha hata hatua tano za udongo ukasema, "Hapa ni penu, fanyeni mnachotaka." Wape kona hiyo. Msichana hasa, kwa sababu katika kugawa mashamba yeye huwa hakumbukwi kabisa. Sisemi umpe hatimiliki leo. Mpe msimu mmoja uone.

Waswahili husema pilipili usiyoila yakuwashiani. Ni kweli, na pilipili usiyoifunga kwenye chupa haitakulipa. Mvua ya vuli ikianza, wengine watapanda mahindi kwenye kona ile ile ambayo haijawahi kujaza debe mbili. Wewe tayarisha kitalu sasa, kidogo tu, upana wa mkeka. Tafuta wenzako wawili mnaoaminiana. Miezi mitano ijayo mtakuwa na pilipili nyekundu mikononi, na broka akipita kuuliza mnauza gunia kwa ngapi, mtamjibu kwamba haziuzwi kwa gunia. Akitaka, ziko kwenye chupa, na bei imeandikwa.